Kampuni zinapojitolea, kata kama Singe hubaki na nini?

Na Mwandishi Wetu, Babati

KATA ya Singe, moja ya kata zinazounda Halmashauri ya Mji wa Babati mkoani Manyara, haina mgodi mkubwa wa dhahabu wala wa tanzanite. Kwa msomaji wa mjini jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Lakini katika mjadala wa uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, ndilo linaloamua iwapo wakazi wana nafasi ya kisheria ya kukaa meza moja na kampuni na kupanga, au watasubiri siku ambayo kampuni itaguswa na hali yao.

Mwaka 2017 Bunge lilirekebisha Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na kuingiza kifungu cha 105, kinachomtaka mmiliki wa haki ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri husika. Kifungu hicho kinaipa halmashauri jukumu la kuandaa mwongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi iliyomo. Mwaka 2023 zikafuata kanuni za kusimamia utaratibu huo.

Kwa benki, kampuni za simu, viwanda vya vinywaji na kampuni za bima, hakuna sharti la namna hiyo. Benki za NMB na CRDB, kwa mfano, zimejiwekea utaratibu wa kutenga asilimia 1 ya faida baada ya kodi kwa ajili ya shughuli za kijamii. Huo ni uamuzi wa bodi zao, nazo ndizo zinazochagua nani apate mabati, nani apate madawati na nani asubiri mwaka ujao.

Matokeo yake ni kwamba ndani ya mkoa mmoja wa Manyara kuna lugha mbili. Katika Wilaya ya Simanjiro, yanakochimbwa madini ya tanzanite ya Mirerani, wananchi na halmashauri yao wanaweza kunyoosha kidole kwenye kifungu cha sheria. Katika Mji wa Babati, ambako biashara kubwa ni ya fedha, mawasiliano, usafirishaji na mazao ya kilimo, kinachozungumza ni hisani.

Pamoja na hayo, sura ya hisani hiyo imebadilika. Kampuni nyingi kubwa haziishii tena kwenye kutoa hundi. Zinawapeleka wafanyakazi wake kupanda miti, kupaka rangi madarasa, kuchangia damu, kufanya usafi hospitalini au kuzungumza na wanafunzi. Hapo ndipo linapoibuka swali ambalo halijibiwi kwenye hotuba za makabidhiano: basi la wafanyakazi likishaondoka, kata hubaki na nini?

Wenyeji ndio wa kwanza kujitolea

Makosa mengi katika mjadala huu huanzia kwenye dhana kwamba kampuni ndiyo inayojitolea na mwananchi ndiye anayepokea. Historia ya nchi haisemi hivyo. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoweka kujitegemea kuwa msingi wa siasa ya nchi, vijiji na mitaa vimekuwa vikijenga kwa mikono yake. Msaragambo haukuwahi kuhitaji fulana zenye nembo.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza mwaka 2002, na ule wa sekondari (MMES), ulioanza mwaka 2004, ilitegemea sana nguvu hizo. Shule za kata zilizozagaa nchini katika muongo ule zilianza kwa wananchi kuchimba misingi, kusomba mawe, mchanga na maji, na kufyatua matofali. Serikali iliahidi kumalizia pale nguvu za wananchi zilipokomea.

Ahadi hiyo haikutimia kila mahali kwa wakati. Ndiyo sababu neno “maboma” limepata maana mpya katika vikao vya madiwani na ndani ya Bunge: kuta za darasa, zahanati au nyumba ya mwalimu zilizosimama bila paa zikinyeshewa, huku kila upande ukisubiri fungu litakaloziezeka.

Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, idadi ya wanafunzi iliongezeka na hitaji la madarasa likakua. Mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa kutumia sehemu ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Hatua hiyo ilipunguza mzigo, lakini haikufuta desturi ya wazazi kuitwa kuchimba msingi.

Kwa hiyo mfanyakazi wa kampuni anapofika katika kata ya aina hii akiwa ameshika brashi ya rangi, anawakuta watu waliokwisha kujitolea mara nyingi. Tofauti ni kwamba yeye analipwa mshahara siku hiyo, na picha yake itachapishwa. Mkulima aliyeacha shamba lake asubuhi ya msimu wa palizi ili asombe mchanga halipwi, wala hapigwi picha.

Somo la madawati

Mfano ulio wazi zaidi wa nguvu na udhaifu wa misaada ya kampuni ni kampeni ya madawati ya mwaka 2016. Hayati Rais John Magufuli aliagiza upungufu wa madawati uwe umekwisha ifikapo Juni 30 mwaka huo. Bunge lilitoa Sh bilioni 6 zilizotokana na kubana matumizi. Benki, kampuni za simu, mashirika ya umma na wafanyabiashara binafsi walijitokeza kwa wingi, na kwa wiki kadhaa hapakupita siku bila habari ya makabidhiano.

Mafanikio yalikuwa makubwa. Watoto wengi waliokuwa wakikaa sakafuni waliinuka. Lakini katika maeneo kadhaa ilibainika haraka kwamba madawati yalikuwa yamepatikana na vyumba vya kuyaweka havikuwapo. Mengine yalirundikwa nje.

Kampuni hazikuwa na nia mbaya. Kilichotokea ni kwamba kila mtoaji alitoa kitu kilekile kwa sababu ndicho kilichokuwa kikizungumzwa. Dawati lina faida moja kubwa kwa mtoaji: linabebeka, linahesabika, na nembo inaweza kubandikwa mgongoni mwake. Choo cha shule hakina sifa hizo. Wala mafunzo ya mhasibu wa zahanati, au ukarabati wa pampu ya maji, mambo ambayo mkazi angeweza kuyataja kwanza kama angeulizwa.

Gharama za siku moja

Chukua mfano wa kampuni yenye ofisi jijini Arusha inayoamua kuleta wafanyakazi 40 mjini Babati, umbali wa takriban kilometa 170, kwa ajili ya kupaka rangi madarasa mawili. Kuna basi na mafuta yake, fulana, kofia, chakula, maji, vipaza sauti, turubai la wageni, na pengine posho. Kuna pia siku nzima ya mishahara ya watu 40. Kisha kuna ndoo za rangi.

Mafundi rangi wawili wa mtaani wangeimaliza kazi hiyo kwa siku chache, na malipo yao yangebaki katika mzunguko wa fedha wa kata. Meneja yeyote akiyaweka mahesabu hayo mezani ataona kuwa kipengele kidogo kuliko vyote katika bajeti ya siku hiyo kinaweza kuwa ndicho kilichobaki ukutani.

Kuna upande wa pili wa gharama ambao umma hauambiwi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, katika kifungu cha 16, inaruhusu kampuni kupunguza katika mapato yanayotozwa kodi michango inayotolewa kwa taasisi za hisani na miradi ya maendeleo ya jamii, kwa ukomo wa asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kwa kuwa kodi ya kampuni kwa kawaida ni asilimia 30, mchango unaokubalika wa Sh milioni 100 unapunguza kodi kwa Sh milioni 30. Kwa maneno mengine, hazina ya taifa huchangia karibu theluthi moja ya msaada ambao bango lake lina jina la kampuni peke yake.

Hilo si kosa, kwani ndiyo makusudi ya sheria yenyewe. Lakini linampa mwananchi haki ya kuuliza fedha hizo zimefanya nini, badala ya kushukuru tu.

Ujuzi ni adimu kuliko rangi

Kama nguvu kazi ya mikono si haba katika kata za pembezoni mwa miji, kilicho adimu ni nini? Jibu la wazi ni ujuzi ambao kampuni kubwa inao kila siku ofisini mwake bila kuuona kuwa ni mali: uhasibu, uhandisi, sheria, ununuzi, utunzaji wa kumbukumbu na teknolojia ya habari.

Kwa miaka mingi sasa, majengo ya shule na vituo vya afya yamekuwa yakijengwa kwa utaratibu maarufu kama “fosi akaunti”, ambapo fedha hupelekwa kwenye shule au kituo, na kamati za wananchi na watumishi husimamia ununuzi, mapokezi ya vifaa na ujenzi. Utaratibu huo umepunguza gharama, lakini umemkabidhi mwalimu mkuu na wajumbe wa kamati kazi ya kulinganisha bei, kuandika mikataba ya mafundi na kutunza stakabadhi, kazi ambayo hawakuisomea. Hoja za ukaguzi hutokea hapo. Mhandisi mmoja wa kampuni anayejitolea siku nne kwa mwaka kukagua msingi, lenta na paa kabla ya malipo ana thamani kubwa kuliko kundi zima la wapaka rangi.

Eneo jingine ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro katika utoaji na urejeshaji wake, kabla ya utaratibu mpya kuanza mwaka 2024. Kikundi cha kinamama kinachotaka kufuga kuku au kusindika alizeti hakikosi bidii. Mara nyingi kinakosa mtu wa kukifundisha kutenganisha fedha za mtaji na fedha za mfukoni, na kuandika daftari la mauzo. Ofisa wa mikopo wa benki anayekaa Babati anaijua kazi hiyo kwa moyo.

Mfano wa kujitolea kwa ujuzi umewahi kuonekana karibu na Manyara. Mwaka 2008 kampuni ya teknolojia ya IBM ya Marekani ilianzisha programu ya kuwapeleka wafanyakazi wake wenye vipaji katika nchi zinazoendelea kwa takriban mwezi mmoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza, kukiwa na kundi lililofanya kazi Arusha. Wageni hao walikaa na taasisi za wenyeji wakitatua matatizo ya mipango, masoko na mifumo. Kampuni haikuficha kwamba nayo ilinufaika, kwa kuwapika viongozi wake wa baadaye na kuyajua masoko mapya.

Hapa nchini, Mgodi wa Dhahabu wa Geita (GGM) ulianzisha mwaka 2002 safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro, maarufu kama Kili Challenge, kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya Ukimwi, na baadaye kuiendesha kwa ushirikiano na Tume ya Taifa ya Kudhibiti Ukimwi (TACAIDS). Nguvu ya mfano huo haitokani na urefu wa mlima. Inatokana na jambo moja kushikiliwa kwa miaka zaidi ya 20 bila kurukaruka kufuata habari ya wiki.

Hiari au amri?

Suala lisilozungumzwa sana ni la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri anapotangaza kwamba Jumamosi wote watakwenda kupanda miti, na majina ya waliokosa yakaandikwa, je, hiyo bado ni hiari?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kazi ya kulazimishwa, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na inataka saa za ziada ziwe za makubaliano na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Aidha, makato ya mshahara yasiyotokana na sheria yanahitaji ridhaa ya mfanyakazi kwa maandishi. Mchango wa “wafanyakazi wetu” unaokatwa juu kwa juu kwenye mshahara, kisha ukakabidhiwa na mkurugenzi mbele ya kamera, unaweza kuwa ukarimu wa watu ambao hawakuulizwa.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Moyo hauwezi kuamriwa kwa waraka wa ofisi. Kampuni inayotaka kujitolea kwa kweli huwapa wafanyakazi siku za kazi zenye malipo na uhuru wa kuchagua watakakozitumia, ikiwamo katika kata walikozaliwa.

Mtihani wa Katesh

Mkoa wa Manyara ulipata mtihani wake mkubwa Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalipoufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani, katika barabara ya kutoka Babati kwenda Singida. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha ziara yake Dubai, alikokuwa akihudhuria mkutano wa mabadiliko ya tabianchi.

Wanajeshi, vijana wa JKT, Chama cha Msalaba Mwekundu na wananchi wa kawaida waliingia kwenye tope. Benki, kampuni za simu, viwanda na taasisi za umma zilileta chakula, magodoro, mablanketi, saruji na fedha. Hapo hapakuwa na wa kulalamika kuhusu picha; msaada ulihitajika na ulifika.

Lakini Katesh iliweka wazi pia tofauti kati ya wiki ya kwanza na mwaka wa kwanza. Magodoro hufika katika wiki ya kwanza. Kurejesha mtaji wa mwenye duka, kupata upya nyaraka zilizozama, kupima viwanja vya makazi mapya na kumtuliza mtoto aliyepoteza wazazi ni kazi ya miezi na miaka, na kamera huwa zimekwisha kuondoka. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wanasheria, wapima ardhi na wataalamu wa saikolojia walioajiriwa na kampuni wangehitajika zaidi.

Je, sheria iwafunge wote?

Wapo wanaotaka kampuni zote zifungwe na sheria kama ilivyo kwa migodi. India ilifanya hivyo kupitia Sheria ya Kampuni ya mwaka 2013, inayozitaka kampuni zilizofikia viwango fulani kutumia angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka 3 kwa shughuli za kijamii. Mauritius iliweka sharti la asilimia 2 mwaka 2009.

Hoja ya upande wa pili haipaswi kudharauliwa. Mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika mwaka 1970 kwamba jukumu la kijamii la biashara ni kuongeza faida kwa kufuata sheria, na kwamba meneja anayegawa fedha kwa hisani anagawa mali ya wanahisa. Wawekezaji nchini wana hoja iliyo karibu zaidi na nyumbani: wanalipa kodi ya mapato, wanakusanya VAT, na wanalipa halmashauri ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi haukuzidi asilimia 0.3 ya mauzo. Kuwaongezea mchango wa lazima, wanasema, ni kuwatoza kodi mara ya pili kwa jina jingine.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inakata pande zote mbili. Kama kodi na ushuru ndio wajibu wa kwanza, basi kampuni inayochelewesha ushuru wa huduma, inayowalipa vibarua chini ya kima cha chini au inayomwaga majitaka mtoni haiwezi kujisafisha kwa madawati 50. Mwongozo wa kimataifa wa ISO 26000, uliotolewa mwaka 2010, uko wazi kwamba hisani haichukui nafasi ya uwajibikaji katika shughuli za kila siku za taasisi.

Mpango uwe wa kata

Njia ya kati ipo na haihitaji sheria mpya. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali imekuwa ikitumia mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaowataka wananchi kuibua na kupanga vipaumbele vyao kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji. Kata inayo Kamati ya Maendeleo, ina diwani na ina mtendaji. Kinachokosekana ni desturi ya kampuni kuomba orodha hiyo kabla ya kuagiza fulana.

Kampuni ikifika Singe, swali lake la kwanza liwe: ni boma lipi limekaa muda mrefu kuliko yote, na linahitaji nini ili litumike? La pili: ni kazi gani ya kitaalamu iliyowashinda? Kiasi cha msaada kibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, pamoja na jina la anayewajibika. Na baada ya miezi 12, badala ya makabidhiano mapya, wahusika warudi kuangalia kama miti ilimwagiliwa, kama pampu inatoa maji na kama daftari la kikundi bado linaandikwa.

Halmashauri nazo zina deni. Zikiendelea kuwachagulia wafadhili miradi kwa kufuata ratiba ya ziara za viongozi, hazitakuwa na ubavu wa kuzilaumu kampuni kwa kupenda picha.

Wakazi wa kata isiyo na mgodi hawana kifungu cha 105 cha kuwatetea. Walicho nacho ni orodha ya mahitaji waliyoiandika wenyewe na misingi waliyoichimba kwa mikono yao. Kampuni itakayoanza kazi yake hapo haitalazimika kueleza kwenye bango kwamba inaijali jamii.